Nuru Isiyopita Katika Waya: Umeme na Uchumi wake katika Historia ya Fizi na Baraka

Ramani ya umeme ya mashariki ya Kongo ina pengo moja ambalo watafiti wengi hulipita bila ya kulitazama. Kaskazini, pale ambapo Ziwa Kivu linamwaga maji yake katika mto Ruzizi, mitambo ya umeme imekuwapo tangu mwaka 1958. Kusini, kwenye mto Kiyimbi huko Bendera, njiani kuelekea Kalemie, Wabeljiji walijenga mitambo mingine katika miaka ile ile ya mwisho wa utawala wao. Baina ya mitambo hiyo miwili, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ndipo ilipo Baraka, na juu yake milimani ndipo ulipo mji wa Fizi. Waya wa kaskazini uliishia Uvira, kilomita zipatazo 90 kutoka Baraka. Waya wa kusini uliipa mgongo Fizi na kuteremka Kalemie. Fizi ikabaki katikati, ikiwa na maji ya Mutambala, jua la mwaka mzima, na giza.

Suala la pengo hili lina uzito wa pekee katika siku hizi ambapo mataifa yanajadili namna ya kuachana na nishati zinazochafua anga. Mjadala huo, kwa sehemu kubwa, umetungwa katika nchi zinazochoma makaa ya mawe ili kupata umeme. Kongo haimo katika kundi hilo. Takribani umeme wote wa mtandao wake hutokana na maji, na umekuwa hivyo tangu ukoloni. Mwaka 2021 serikali ya Kinshasa iliahidi kupunguza gesi zake chafu kwa asilimia 21 kufikia mwaka 2030, asilimia 19 kati ya hizo zikitegemea msaada wa nje na 2 tu zikiwa juu ya nchi yenyewe. Ahadi hiyo inahusu misitu kuliko mitambo ya umeme. Basi kwa mkazi wa Baraka, kuhama kutoka nishati chafu kwenda nishati safi si kubadili kinu kimoja cha umeme kwa kingine. Ni kuhama kutoka kwenye kibatari, karabai, jenereta ya mazuti na makala ya kupikia. Mambo hayo manne yana historia yake, na historia hiyo haianzi na jua.

Mitambo ya Ruzizi ya kwanza, yenye uwezo wa megawati zipatazo 29, ilikusudiwa kuhudumia Bukavu na Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Ile ya Bendera, ya megawati zipatazo 17, ilikusudiwa Albertville, ambayo leo ni Kalemie, pamoja na viwanda vyake kikiwamo kile cha nguo cha Filtisaf. Hesabu ya wakoloni ilikuwa nyepesi: umeme ulifuata kiwanda, bandari na makazi ya Wazungu. Mahali pasipo na mnunuzi mkubwa hapakupelekwa waya, kwani nguzo na nyaya zingegharimu zaidi ya yale ambayo wanakijiji wangeweza kulipa. Hesabu hiyo haikufutwa na uhuru wa mwaka 1960.

Hata hivyo, watu wa Fizi waliijua mitambo ya Bendera kwa njia nyingine, nayo ni njia ya vita. Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akatua Kibamba, katika nchi ya Fizi, kuwaunga mkono waasi waliokuwa wakipigana na serikali. Shabaha ya kwanza kubwa ilikuwa ngome ya Bendera, iliyolinda mitambo ya umeme. Kwenye kumbukumbu za vita hivyo mahali hapo hutajwa kama "Front de Force". Shambulio la mwisho wa Juni 1965 lilishindwa. Wakuba wanne waliuawa, na karatasi zilizopatikana zikawafichulia maadui kwamba Wakuba wamo vitani. Kabla ya mwaka huo kwisha Baraka ilikuwa imetwaliwa na majeshi ya serikali pamoja na mamluki, na Guevara alikuwa amekwisha rudi ng'ambo. Ni jambo la kustaajabisha kidogo: damu ilimwagika kwa ajili ya mitambo ya umeme na watu ambao hata taa moja yake haikuwafikia.

Baadaye Laurent-Désiré Kabila, aliyeunda chama chake cha PRP mwaka 1967, aliishika sehemu ya milima ya Fizi kwa miaka mingi. Kwa serikali ya Mobutu, Fizi ikawa nchi ya waasi, na nchi ya waasi haijengewi. Wakati huo huo Kinshasa ilikuwa na shughuli kubwa zaidi. Shirika la umeme la taifa, SNEL, lilianzishwa mwaka 1970; Inga ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1972 na ya pili mwaka 1982. Kutoka Inga ulijengwa waya wa kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, kwenye migodi ya shaba. Waya huo hupitisha umeme wa mkondo mnyoofu. Umeme wa namna hiyo husafiri mbali bila ya kupotea sana, lakini hauchotwi njiani kwa urahisi, kwa sababu kila mahali pa kuuchota pangehitaji kituo cha gharama kubwa cha kuugeuza. Vijiji vilivyo chini ya waya vilibaki kuutazama. Deni la mradi lilibebwa na taifa zima, Fizi ikiwamo. Mtu anaweza kutetea uamuzi ule kwa kusema kwamba shaba ndiyo iliyoleta fedha za kigeni. Lakini haiwezekani kudai kuwa ulikuwa mpango wa kuwapa wananchi umeme.

Mradi uliokaribia zaidi ulikuwa wa Ruzizi ya pili. Zaire, Rwanda na Burundi, zilizokuwa zimeunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu mwaka 1976, zilianzisha kampuni ya pamoja ya SINELAC mwaka 1983, na mitambo ikaanza kufanya kazi mwaka 1989. Kila nchi ilipewa haki ya fungu lake sawa. Fungu la Zaire halikuteremka kusini mwa Uvira. Miaka saba baadaye vita vilizuka, kwanza mwaka 1996, kisha mwaka 1998, na suala la waya likakosa hata wa kuliuliza. Maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma na kuishi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Safari za kuwarejesha kwa meli hadi Baraka zilianza Oktoba 2005.

Hapa ndipo historia inapogeuka, na imegeuzwa na wafanyabiashara kabla ya serikali. Mwaka 2013 vijana wawili wenyeji wa sehemu hizo, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, ambao wote wawili waliwahi kuishi ukimbizini Tanzania, walianzisha kampuni ya Altech ya kuuza taa za jua. Wakati ulikuwa mwafaka. Bei ya paneli za jua duniani ilikuwa ikiporomoka, na kati ya mwaka 2010 na 2020 ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Taa za chembe ndogo zinazotumia umeme kidogo sana zilikuwa zimekwisha enea. Aidha, huduma za kutuma fedha kwa simu zilikuwa zimeanza kuingia nchini Kongo mnamo mwaka 2012. Altech ilitoka kwenye taa ndogo ikafikia mitambo ya nyumbani, na majiko yanayopunguza matumizi ya makala, ikasambaa katika majimbo mengi ya nchi.

Uchumi wa biashara hii unastahili kufafanuliwa, kwani ndio unaoeleza kwa nini ilifaulu mahali ambapo waya ulishindwa. Familia maskini hainunui mafuta ya taa kwa debe. Hununua kwa kipimo kidogo cha usiku mmoja au miwili, na kwa kufanya hivyo hulipa bei kubwa kuliko mnunuzi wa jumla. Ikijumlishwa kwa mwaka, fedha hiyo hutosha kununua taa ya jua. Lakini familia haina fedha hiyo kwa pamoja. Mfumo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu huondoa kikwazo hicho: mteja hupewa mtambo kwa malipo ya kwanza, kisha hulipa kwa siku au wiki, na asipolipa mtambo hujifunga hadi atakapopata namba ya kuufungua. Kwa maneno mengine, kinachouzwa hapa ni mkopo zaidi kuliko mwanga. Na mkopo una gharama zake. Mteja wa kijijini, mwishowe, hulipa zaidi ya yule anayelipa taslimu. Kampuni nayo hubeba hatari ya mteja aliyekimbia mapigano usiku akiwa na paneli kichwani, au aliyeiacha ikaporwa.

Ziwani mabadiliko yamekuwa makubwa zaidi kuliko nyumbani. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hufanyika usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa kuwavuta samaki juu kwa mwanga na kuinua wavu chini yao. Kwa miongo mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai, na karabai hula mafuta usiku kucha, huvunjika kioo, huhitaji soksi na pampu. Mafuta yalikuwa gharama kubwa ya mwenye chombo, na kabla ya kugawana samaki na mabaharia wake alitoa kwanza fedha ya mafuta. Katika muongo wa 2010 taa za betri zilianza kuchukua nafasi ya karabai pande zote za ziwa. Gharama ya usiku ikashuka. Hakuna wizara iliyoamuru jambo hilo wala mkutano wa kimataifa uliolipigia kura. Hata hivyo faida haikuwa bila ya kivuli: mwanga wa bei nafuu ni mwanga mwingi, nalo ziwa ambalo wavuvi wake wamekuwa wakilalamikia kupungua kwa samaki halikuongezewa samaki kwa sababu ya taa mpya.

Isitoshe, hapana budi kutenganisha umeme wa taa na umeme wa kazi. Mtambo wa nyumbani huwasha taa, redio na simu. Hauwezi kuendesha mashine ya kusaga mihogo, jokofu la samaki, mashine ya kuchomea vyuma, wala mashine za kuponda mawe ya dhahabu huko Misisi. Kazi hizo zimebaki mikononi mwa mazuti. Jikoni, vilevile, makala hayajaguswa na paneli, na yanatoka katika misitu ya milima ambayo sehemu yake imo katika hifadhi ya Itombwe. Ikiwa hesabu ni ya kaboni, basi taa ya jua imeondoa sehemu ndogo. Sehemu kubwa imo chini ya sufuria.

Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilivunja ukiritimba wa SNEL na kuruhusu kampuni binafsi kuzalisha na kuuza umeme. Kutokana nayo viliundwa chombo cha kusimamia sekta, ARE, na wakala wa umeme wa vijijini, ANSER. Goma ilifaidika: kampuni ya Nuru ilizindua huko mwaka 2020 kituo cha jua cha megawati 1.3 chenye waya wake. Goma, lakini, ni mji mkubwa wenye wateja wengi waliokaribiana. Sheria ilifungua mlango kwa mtaji, na mtaji uliingia pale ulipoona faida, sawasawa na Wabeljiji walivyofanya mwaka 1958. Kosa la sheria si kuwaruhusu wafanyabiashara. Ni kutoweka fungu la kudumu la kulipia tofauti iliyopo kati ya gharama ya kuifikia Baraka na uwezo wa Baraka kulipa. Bila ya fungu hilo ANSER ni jina zuri.

Januari 2025, katika mkutano wa Dar es Salaam, Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi 12 zilizowasilisha mikataba ya kueneza umeme. Mkutano huo ulifanyika tarehe 27 na 28, siku zile zile Goma ilipokuwa ikitwaliwa na waasi wa M23. Bukavu ilifuata Februari. Mradi wa Ruzizi ya tatu, wa megawati 206 zitakazogawanywa kwa nchi zile zile tatu, umetungwa juu ya mto huo huo. Mikataba yake inataja fungu la kila taifa. Njia ya fungu la Kongo baada ya Uvira ni jambo la bajeti nyingine, na kwa sasa mashine za kusaga za Baraka zinaendelea kunywa mazuti yanayofika kwa barabara ya Uvira, au kwa boti barabara hiyo inapofungwa.