Mgonjwa Hatarishi au Mgonjwa Aliye Hatarini? Historia Fupi ya Istilahi za Tiba ya Mwenendo

Jina la Kariakoo ni tafsiri ambayo haikupita mbele ya kamati yoyote. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, waliweka wapagazi wa jeshi lao mahali ambapo Wajerumani walikusudia pawe soko. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalisikia kwa masikio yao wenyewe, wakatamka Kariakoo. Nairobi nako pana Kariokor, kwa asili hiyo hiyo. Vita ikaisha, wapagazi wengi wakiwa wamekufa kwa maradhi na uchovu, na waliobaki wakatawanyika. Jina lililowahusu watu likabaki kuwa jina la mahali, na soko kubwa lililosanifiwa na Beda Amuli lilipofunguliwa mwaka 1975, wanunuzi wachache sana walijua kuwa wanatamka jina la watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Nimeanza na habari hii kwa sababu hivi karibuni ililetwa mezani kwangu karatasi inayotaka kuwapa watu jina, nayo iliwahusu baadhi ya wakazi wa mitaa hiyo hiyo. Ilikuwa fomu ya ridhaa. Kituo kimoja cha tiba kilitaka kuendesha mazungumzo ya tiba kwa simu ya video, mtaalamu akiwa ofisini na mgonjwa akiwa kwake, kwa ajili ya watu wanaoweza kujidhuru au kujiua, wakiwamo wanaojitahidi kuachana na heroini. Juu kabisa paliandikwa kwa herufi kubwa: “Fomu ya Wagonjwa Hatarishi”. Niliombwa kusahihisha tahajia tu.

Tahajia haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mnyambuliko. Kutokana na “hatari” tumepata kitenzi “hatarisha”, yaani kutia hatarini. Na kutokana na “hatarisha” tumepata “hatarishi”, kama vile “potosha” ilivyotupatia “potoshi”. Maneno potoshi ni yale yanayopotosha watu, si yaliyopotoshwa. Vivyo hivyo taka hatarishi ni taka zinazomtia mtu hatarini, na mazingira hatarishi ni mazingira ya namna hiyo. Mgonjwa hatarishi, basi, kwa kanuni za lugha yetu, ni mgonjwa ambaye watu wengine wapaswa kujihadhari naye. Mtaalamu alikuwa na maana iliyo kinyume kabisa: mgonjwa ambaye yeye mwenyewe yumo hatarini.

Itasemwa kwamba matumizi yamekwisha kuenea. Ni kweli. Yalienea pamoja na shughuli za kupambana na UKIMWI, ambamo “makundi hatarishi” yalitajwa katika taarifa nyingi hata sikio likazoea. Lakini kipindi hicho hicho kinatufundisha jinsi lugha ilivyoweza kufanya kazi nzuri zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1989 iliundwa WAMATA mjini Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata kazi ya kuzungumza na mgonjwa pamoja na jamaa zake ikahitaji jina. “Shauri” peke yake lilikwisha kuchukuliwa na mahakama na vikao; “nasaha” lilikuwa na harufu ya mzee anayemwonya kijana. Yakaunganishwa, tukapata “ushauri nasaha”. Wapo waliolalamika kwamba ni neno moja lililosemwa mara mbili. Mimi naona marudio hayo yalifaa: yalimjulisha msikilizaji kwamba hapa hapana hukumu wala onyo, bali jambo la tatu ambalo halikuwa na jina.

Pamoja na ushauri nasaha alikuja “mteja”, badala ya mgonjwa. Nia ilikuwa njema, kwani mteja ana hiari. Lakini mtaani neno lilikuwa na safari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtumiaji wa heroini jijini Dar es Salaam alikuwa akiitwa “teja”, na wingi wake “mateja”. Msomaji anajua tunachofanya tunapomwondoa mtu katika ngeli ya m-/wa- na kumtia katika ngeli ya ji-/ma-: mtu huwa jitu, mtoto huwa toto. Kwa kuhamisha ngeli tu, mnunuzi mwenye hiari aligeuzwa kuwa kitu cha kukwepwa njiani. Methadoni ilipoanza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, wauguzi waliwaita “wateja” watu wale wale ambao nje ya lango waliitwa mateja.

Afadhali kidogo ilipatikana katika “uraibu”. Katika kamusi za zamani neno hili lahusu tambuu, tumbaku na vitu vingine vya kutafunwa au kutumiwa kwa mazoea, jambo la barazani lisilo na aibu. Wataalamu wa afya wamelichukua kuwa istilahi ya hali ya kutawaliwa na kileo au dawa, na anayepatwa nayo ni “mraibu”. Neno limebeba uzito mpya bila kumtoa mtu katika ngeli ya watu.

Tiba yenyewe nayo ina mkasa wa jina. Kati ya waanzilishi wake alikuwa Joseph Wolpe wa Johannesburg, aliyechapisha kitabu chake maarufu mwaka 1958; alishikilia kuwa hofu iliyofunzwa yaweza kufunzuliwa hatua kwa hatua. Wengi hufasiri tiba hiyo “tiba ya tabia”. Lakini kwetu tabia ni jambo la maadili, na mtu wa Kariakoo akiambiwa anapelekwa kutibiwa tabia ataelewa kwamba amesemwa vibaya. Napendelea “tiba ya mwenendo”, ingawa nakiri kwamba mwenendo nao haukuepuka kabisa lawama hiyo.

Mwaka 1993 Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alichapisha mwongozo wa tiba iliyokusudiwa hasa watu wanaotaka kujiua mara kwa mara. Aliiita ya kidialektiki, neno ambalo wasomaji wetu walilizoea katika maandishi ya siasa, kwa sababu inashika mambo mawili yanayopingana: kumkubali mtu alivyo na kumtaka abadilike. Yafaa ikumbukwe kwamba tangu mwanzo tiba hiyo ilimruhusu mgonjwa kumpigia mtaalamu simu baina ya vikao, anapozidiwa. Umbali haukuingizwa na maradhi ya korona mwaka 2020, ulikuwamo tayari. Korona ilihamisha kikao chenyewe.

Kwa umbali Kiswahili hakina upungufu. “Simu” ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Lilitumika kwa telegrafu kabla ya kuwa jina la chombo cha kusemea, na sasa latumika pasipo waya wowote. “Tiba mtandao” nalo limekubalika. Ugumu uko chumbani. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi mmoja, au ghorofani juu ya maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, sauti haina mpaka. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote mtaalamu huuliza: uko wapi sasa hivi, nani yuko karibu, nimpigie nani ukinyamaza? Maswali hayo yaweza kumwokoa mtu, lakini hujibiwa kweli na mwenye imani tu. Kwa miongo mingi Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa; kwa jirani zetu, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Mtu aliyekulia chini ya sheria hiyo, akisomewa kuwa yeye ni “hatarishi” kisha akaulizwa yuko wapi, atadhani anayeuliza ni polisi. Atakata simu.

Niliichukua rasimu hadi Kariakoo, nikamsomea mama mmoja muuza vitenge ninayemheshimu. Alipofika kwenye kichwa cha habari aliuliza, “Huyu kamfanya nini mtu?” Nikamweleza. Akasema, “Basi mwandikeni kuwa yumo hatarini, aelewe mnamwonea huruma.” Tuliandika “mgonjwa aliye hatarini”, ambalo ni refu, na mwenye fomu alilalamika kuwa halienei katika kisanduku chake. Kisanduku kilipanuliwa. Sentensi moja zaidi ilibadilishwa. Rasimu ilisema, “Endapo mawasiliano yatasitishwa, mhusika atafuatiliwa.” Yule mama alitikisa kichwa, akasema kwao bando hukatika kila siku na hakuna anayetaka kufuatiliwa. Sasa imeandikwa: “Simu ikikatika, mimi nitakupigia.”