Mto Tana: Uhai na mvutano wa watu wa Garsen

MTO Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya. Huanzia katika Mlima Kenya na safu ya milima ya Aberdare, ukapita katika nyika kame na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini, baada ya mwendo wa takriban kilomita 1,000. Mji wa Garsen, uliopo kwenye barabara itokayo Malindi kwenda Lamu, ndio lango la delta ya mto huo.

Wenyeji wakuu wa eneo hilo ni Wapokomo na Waorma. Wapokomo ni wakulima na wavuvi, na lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiswahili. Hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kandokando ya mto. Lahani ya wimbo wa taifa la Kenya, uliopitishwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwabembelezea watoto.

Waorma ni wafugaji wa ng'ombe wenye asili moja na Waoromo wa Ethiopia. Wakati wa mvua huchunga nyikani. Kiangazi kikikaza hurejea mtoni kutafuta maji na malisho.

Hapo ndipo penye umuhimu wa malka, yaani njia za kupitishia mifugo katikati ya mashamba hadi kwenye maji. Kwa muda mrefu wazee wa pande zote mbili, wakiwamo wa baraza la Kipokomo liitwalo Gasa, walipatana juu ya njia hizo na kusuluhisha kesi za mazao yaliyoliwa.

Hata hivyo, desturi hiyo imekumbwa na misukosuko. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa katika sehemu ya juu ya mto, likiwamo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yalipunguza mafuriko ya msimu yanayorutubisha mashamba na malisho. Aidha, mpango wa kupima na kugawa ardhi ulizua hofu miongoni mwa wafugaji kwamba malka zingefungwa, na mapigano yakazuka mwaka 2001.

Maafa makubwa zaidi yalitokea Agosti 22, 2012, watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, walipouawa katika kijiji cha Riketa. Hadi mapema mwaka 2013, waliouawa katika mashambulizi ya kulipizana kisasi walikuwa wamepita 100.

Mwaka huo huo wa 2012, delta hiyo iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Lakini kwa mkulima na mfugaji wa Garsen, jambo kubwa limebaki lile lile: shamba lisizibe njia ya ng'ombe, na ng'ombe asimalize shamba. Mto ni mmoja, na hakuna kati yao awezaye kuishi bila huo.