Hodi Angani

Mpwa wangu anasomea urubani huko Arizona, Marekani, na kila Jumapili hunipigia simu. Siku moja aliniuliza: "Mjomba, hiki ninachoruka ndani yake, kwa Kiswahili tukiiteje?" Nikajibu bila kufikiri: anga. Akacheka. "Lipi sasa? Maana huku yapo sita."

Sita hayo ni matabaka ya anga la Marekani: A, B, C, D, E na G. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliweka herufi saba. Wamarekani, walipoufuata mpangilio huo Septemba 16, 1993, waliiacha F. (Sisi tuliolelewa na masimulizi ya mbingu saba tusishangilie, ulinganifu huo ni wa bahati tu.) Redioni herufi hizo husomwa kwa maneno: Alfa, Bravo, Charlie, Delta. Orodha hiyo ya maneno ilianza kutumika rasmi katika usafiri wa anga wa kiraia Machi 1, 1956. Mpenda tahajia atafurahi kujua kwamba Alfa huandikwa kwa f ili asiyejua Kiingereza asikwame kwenye ph, na Juliett huishia kwa t mbili ili Mfaransa asiimeze.

Lakini mwaka huo wa 1956 unakumbukwa kwa jambo zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Asubuhi ya Juni 30, ndege mbili ziliondoka Los Angeles zikipishana kwa dakika tatu. Ya kwanza, saa 3:01, ilikuwa ya TWA, ikielekea Kansas City na watu 70. Ya pili, saa 3:04, ilikuwa ya United Airlines, ikielekea Chicago na watu 58. Ndege ya United ilipangiwa kuruka futi 21,000. Rubani wa TWA naye akaomba futi hizohizo. Akakataliwa, kwa sababu ya mwenzake. Ndipo akaomba ruhusa nyingine, iliyokuwa halali kabisa: aruke futi 1,000 juu ya mawingu, popote yatakapokuwa. Akakubaliwa. Mawingu ya siku hiyo yakamfikisha palepale, futi 21,000.

Ruhusa ile ilikuwa na sharti lake. Aliyeipokea alitoka katika ulinzi wa waongoza ndege na kuingia chini ya kanuni ya kale ya marubani: kuona na kuonekana. Kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake kwa macho yake. Mwongoza ndege mmoja aliyekuwa Salt Lake City alipata taarifa za ndege zote mbili, kwamba zingevuka mstari mmoja saa 4:31, kwa kimo kimoja. Hakuzionya. Zilikuwa katika anga lisilodhibitiwa, na kanuni haikumtaka aseme. Mnamo saa 4:30 ziligongana juu ya Grand Canyon. Watu wote 128 walikufa.

Wachunguzi walihitimisha kwamba marubani hawakuonana kwa wakati, na wakaorodhesha sababu zinazoweza kuwa zilichangia. Huenda wingu lilikuwa kati yao. Huenda madirisha yaliwabania macho. Huenda walikuwa wakiwatafutia abiria mandhari nzuri ya bonde. Mimi huirudia ile taarifa iliyokuwa mikononi mwa mtu mmoja, ikakosa tu kutamkwa. Simlaumu yeye. Sheria ilikuwa imeukabidhi uhai wa watu kwa jicho, na ulimi ukabaki bila wajibu. Agosti 1958 Marekani ilipitisha sheria mpya ya usafiri wa anga na kuunda mamlaka moja ya kuusimamia. Rada zikaongezwa, na anga linalodhibitiwa likapanuka.

Jicho halikufukuzwa. Mpwa wangu bado huruka kwa kanuni za kuona, na amezikariri kama mtoto wa madrasa: katika tabaka E, chini ya futi 10,000, aone mbali angalau maili 3, akae futi 500 chini ya wingu, au 1,000 juu yake, au 2,000 pembeni. Tabaka A, linaloanzia futi 18,000, ni la wanaoruka kwa kufuata vipimo vya ndege tu. Mwanafunzi hana lake huko.

Yaliyonivutia zaidi ni matabaka ya katikati, yanayozunguka viwanja vya ndege, maana huko mlango ni neno. Kuingia B, mwongoza ndege lazima atamke wazi kwamba umeruhusiwa. Ni hodi inayongoja karibu, na bila karibu hupiti. C na D zina adabu tofauti. Unajitambulisha redioni, na mwongoza ndege akikujibu kwa kutaja jina la mwito la ndege yako, basi mmekwisha kuwasiliana, unaweza kuingia, hata kama alilotamka baada ya jina ni "subiri" tu. Akisema "ndege inayoita, subiri," bila jina, unabaki nje. Maneno ni karibu yaleyale, na tofauti yote imo katika kuitwa. Sijui kanuni nyingine ya serikali yoyote inayolipa jina uzito namna hiyo.

Jumapili iliyopita mpwa wangu aliruka peke yake hadi kwenye uwanja wa tabaka D, kisha akamsimulia mama yake nami nikiwa kwenye simu hiyohiyo.

"Nilipiga hodi, mama, wakaniita jina."

Dada yangu akauliza, "Wakakukaribisha?"

"Hapana, walisema nisubiri. Lakini nilikuwa nimeshaingia."