Yi Sun-sin, Amiri wa Bahari wa Korea

Wasikilizaji wetu, watu wanapotaja wakuu wa vita vya baharini, desturi ya wengi ni kuanza na Nelson, yule Mwingereza aliyeshinda vita vya Trafalgar mwaka 1805 akafa siku ile ile ya ushindi wake. Nasi hatumpunguzii sifa zake hata kidogo. Lakini leo twapenda kuwasimulia habari za mtu mwingine, ambaye naye alikufa katika saa ya ushindi, zaidi ya miaka 200 kabla ya Nelson, katika nchi ya Korea, mashariki ya mbali. Jina lake ni Yi Sun-sin. Yi ndilo jina la ukoo, maana kwa Wakorea jina la ukoo hutangulia. Tumemchagua kwa kuwa habari zake zina fundisho ambalo kila mtu aliyepata kushika sukani atalitambua upesi: ya kwamba bahari haipokei amri kwa mfalme wala kwa waziri, nayo humfaa yule tu aliyejitaabisha kuijua.

Yi alizaliwa mwaka 1545 katika mji wa Seoul, wala hakulelewa katika kazi ya ubaharia. Yasimuliwa kwamba alipofanya mtihani wa kijeshi mara ya kwanza, mwaka 1572, farasi alimwangusha akavunjika mguu. Akaufunga mguu kwa magome ya mti, akapanda tena, akamaliza, ijapokuwa mtihani hakuupata. Aliupata mwaka 1576, naye ni mtu mzima wa miaka 31. Akapelekwa kulinda mpaka wa kaskazini, na huko mwaka 1587 kituo chake kikashambuliwa. Wakubwa wake wakamtupia lawama, akavuliwa cheo, akatumika kama askari wa kawaida. Hata mwaka 1591 waziri mmoja, Ryu Seong-ryong, aliyemjua tangu utoto, akampendekeza kwa mfalme, naye akafanywa mkuu wa manowari katika sehemu ya jimbo la Jeolla, kituo chake kikiwa Yeosu, pwani ya kusini.

Yatupasa kueleza namna ya pwani ile, maana bila ya kuijua hatutaelewa yaliyofuata. Ni pwani ya visiwa vingi sana, na milango myembamba kati ya kisiwa na kisiwa. Maji yakijaa, huingia kwa nguvu kubwa. Yakipwa, huacha matope mapana, na chombo kisichokuwa na nahodha mwenye akili hupwelewa mchana kweupe. Kwa hiyo Wakorea waliunda manowari zenye tako bapa, zinazoweza kukaa juu ya matope bila ya kulala ubavu, na kugeuka upesi mahali penye nafasi ndogo. Zilikwenda kwa tanga na kwa makasia. Wapiga makasia walikaa chini, na wapiganaji walikaa sitaha ya juu pamoja na mizinga.

Yi alipofika Yeosu hakungoja vita. Alikagua merikebu moja baada ya moja, silaha na ghala, na mkubwa aliyezembea alipigwa viboko mbele ya wenziwe. Alianza pia kuandika kitabu cha kila siku: upepo wa leo, mvua ya leo, nani aliyekuja, nani aliyeadhibiwa. Akaunda vilevile merikebu ya namna ya pekee, iliyoitwa merikebu ya kobe, kwa kuwa sitaha yake ilifunikwa kwa paa lenye miiba ya chuma, adui asiweze kuirukia, na omo yake ilikuwa na kichwa cha joka. Wengine husema paa lile lilipigwa mabati ya chuma. Juu ya jambo hilo wenye elimu bado wabishana. Lakini lililo yakini ni kwamba mizinga ya merikebu ile ilijaribiwa siku moja tu kabla ya vita kuanza.

Vita vyenyewe vilikuja mwezi wa Mei, mwaka 1592. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, alikuwa amekwisha kuiunganisha nchi yake chini ya mkono mmoja, naye akataka kuishinda Uchina kwa kupitia Korea. Akavusha askari wapatao 158,000. Wakashuka Busan, na kwa muda wa yapata siku 20 wakauteka mji wa Seoul. Mfalme wa Korea, Seonjo, akakimbilia kaskazini hata mpakani mwa Uchina. Nchi kavu ilikuwa imekwisha kupotea. Bahari peke yake ndiyo iliyosalia.

Wajapani walikuwa mafundi wa bunduki na upanga, na desturi yao baharini ilikuwa kusogea ubavu kwa ubavu na kurukia chombo cha adui. Yi aliwanyima nafasi hiyo. Alikaa mbali nao akawapiga kwa mizinga, akachagua mahali na saa, wala hakupigana penye maji asiyoyajua. Katika vita vya Sacheon alipigwa risasi begani, asiache kuamuru mpaka kazi ilipokwisha. Mwezi wa Agosti, karibu na kisiwa cha Hansan, alikuta manowari 73 za Wajapani zimetia nanga ndani ya mlango mwembamba wenye miamba. Mtu mwenye pupa angeingia. Yi alipeleka merikebu chache tu zijionyeshe, kisha zikajifanya kukimbia. Wajapani wakazifuata mpaka bahari pana, na hapo manowari za Yi zikajipanga kama mabawa ya korongo aliyeyakunjua, zikawakumbatia pande zote mbili. Katika zile 73, manowari 59 ziliteketezwa, zilizamishwa au zilitekwa.

Matokeo ya siku ile yalikuwa makubwa kuliko hesabu ya vyombo. Jeshi la Wajapani lilikuwa limefika Pyongyang, mbali kaskazini, nalo lilitazamia chakula na askari wapya kwa njia ya bahari ya magharibi. Njia hiyo sasa ilizibwa. Jeshi haliendi kwa ushujaa peke yake. Huenda kwa tumbo pia. Uchina ilipoleta askari wake kuisaidia Korea, Wajapani walirudi nyuma, na mwaka 1593 Yi akafanywa mkuu wa manowari za majimbo matatu ya kusini.

Lakini heshima huzaa husuda. Mwanzoni mwa mwaka 1597, Wajapani walipokuwa wakijitayarisha kurudi kwa nguvu mpya, mpelelezi wao mmoja, aliyejifanya rafiki wa Wakorea, alileta habari kwamba jemadari fulani wa Japani atavuka bahari siku fulani, na ya kwamba Yi akimvizia atamkamata. Serikali ikafurahi, ikamwamuru atoke. Yi akasita, kwa kuwa hakumwamini mleta habari, wala hakutaka kuitia manowari ya watu wake katika mtego. Huko Seoul neno hili liliitwa uasi. Wasiompenda wakapata la kusema, na mfalme akawasikiliza. Yi akakamatwa, akafungwa, akateswa, akakaribia kuuawa. Akasamehewa roho yake, lakini kwa mara ya pili katika maisha yake akawa askari asiye na cheo. Mama yake mzee, aliposikia, alisafiri kwa chombo aje kumtazama mwanawe, akafa njiani. Na Yi hakupewa hata ruhusa ya kukaa matanga kama ilivyompasa mtoto.

Mahali pake akawekwa Won Gyun, mmoja wa wale waliomteta. Huyu naye, alipoikabili bahari yenyewe, akaona kwamba amri ile ni ya hatari, akasitasita. Lakini akalazimishwa na wakubwa wake wa nchi kavu. Wahenga wetu walisema kweli: mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usowe. Katika mwezi wa Agosti 1597, kwenye mlango wa Chilcheon, Wajapani walizivamia merikebu za Korea, watu wamechoka, wakaziteketeza karibu zote. Won Gyun akauawa. Kazi ya miaka sita ikapotea kwa muda wa siku mbili. Zikasalia merikebu 12, zilizookolewa na nahodha mmoja aliyeondoka nazo mapema.

Ndipo mfalme alipomkumbuka Yi, akamrudishia cheo. Na hapa, wasikilizaji wetu, twaomba mpime moyo wa mtu huyu. Alikuwa na haki ya kuwa na uchungu. Alikuwa na makovu ya kamba za waliomfunga, na msiba wa mama yake haujapoa. Wala mfalme mwenyewe hakuwa na tumaini. Alimshauri aziache merikebu chache zile akapigane nchi kavu. Yi akamjibu kwamba merikebu 12 bado zipo, na maadamu yeye yu hai, adui hataweza kuidharau bahari ya Korea. Akatembea pwani kukusanya mabaharia waliotawanyika, chakula na baruti. Na ilipofika siku ya vita alikuwa na merikebu 13.

Wajapani walikuwa wakija magharibi na kundi kubwa. Katika kitabu chake Yi alihesabu manowari 133 zilizoingia vitani. Yeye alichagua mlango wa Myeongnyang, kati ya kisiwa cha Jindo na bara. Penye wembamba wake hauzidi mita 300 au karibu yake, na mkondo wake ni wa kasi kuliko milango yote ya nchi ile, hata maji hunguruma yakipita, na watu wa huko wameupa jina kwa sababu ya mngurumo huo. Kila baada ya saa sita hivi mkondo hugeuka. Mahali kama hapo manowari 133 haziwezi kujipanga sawasawa. Huingia chache chache, nazo hubanana. Usiku wa kuamkia vita Yi alikuwa amekwisha kuhamisha kituo chake upande wa pili, ili asipigane na mkondo ule nyuma ya mgongo wake.

Vita vilikuwa tarehe 26 Oktoba 1597. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo waliyoitumia Wakorea, ilikuwa siku ya 16 ya mwezi wa tisa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: mwezi ulikuwa mpevu, na maji yalikuwa ya bamvua, yenye nguvu zote. Asubuhi mkondo uliwachukua Wajapani mbele, wakamjia Yi kwa wingi wao. Manahodha wake wakaogopa, wakabaki nyuma. Kwa muda, merikebu ya Yi peke yake ilishika mahali pake, ikipiga mizinga kulia na kushoto, naye akiwatuliza watu wake. Kisha akatweka bendera ya kuwaita wenziwe, na nahodha wa kwanza aliyekaribia akamwuliza kwa sauti kama ataka kufa kwa sheria ya jeshi, na kama akikimbia adhani ataishi wapi. Nahodha yule akaona haya, akaingia vitani, na wengine wakamfuata. Halafu mkondo ukageuka. Manowari za Wajapani, zilizosongamana katika ule wembamba, zikaanza kurudishwa nyuma, zikigongana zenyewe kwa zenyewe, na mkuu wao mmoja, Kurushima Michifusa, akauawa. Yi aliandika kwamba manowari 31 za adui ziliharibiwa; kwa upande wake hakupoteza hata moja. Njia ya bahari ya magharibi ikafungwa mara ya pili.

Ushindi ule aliulipia. Haukupita mwezi, akaletewa barua kwamba mwanawe wa tatu, Myeon, ameuawa na Wajapani walipovamia nyumbani kwake Asan. Katika kitabu chake, baina ya habari za upepo na mvua, ameandika kilio cha baba anayeuliza kwa nini mwana afe naye mzee abaki. Kisha akaendelea na kazi yake.

Hideyoshi alikufa mwezi wa Septemba 1598, na majeshi yake yakaamriwa kurudi kwao. Yi, pamoja na Chen Lin, amiri wa Uchina, aliwazuia katika mlango wa Noryang, tarehe 16 Desemba 1598. Alfajiri, katikati ya vita, risasi ikampata. Akawaamuru waliokuwa karibu naye wasitangaze kifo chake mpaka vita vimekwisha. Mpwa wake akaendelea kupiga ngoma ya vita, na watu wakapigana wakidhani amiri wao yu hai. Walishinda, kisha wakalia.

Kitabu chake cha kila siku kingalipo mpaka leo, na mwaka 2013 UNESCO ilikiandika katika orodha ya kumbukumbu za ulimwengu. Sanamu yake imesimama katikati ya mji wa Seoul tangu mwaka 1968. Lakini sisi twaona ukumbusho wake ulio bora haumo katika shaba. Umo katika hesabu mbili: merikebu nyingi zilizopotea Chilcheon chini ya amri ya watu wasioyaona maji, na merikebu 13 zilizookoka Myeongnyang chini ya mtu aliyejua saa ya mkondo kugeuka. Bahari ilikuwa ile ile, na mabaharia walikuwa wale wale. Basi kila serikali, na kila mkubwa wa kazi, na ajiulize: nani kwetu ajuaye mkondo, naye tumemweka wapi?