Mwalimu Mgeni na Mwinjilisti Mwenyeji

Katika semina zetu swali la dini na ukoloni huzuka mara kwa mara, na mara nyingi hujibiwa upesi mno. Ndugu mmoja husimama akasema kwamba misheni zilikuwa mkono wa pili wa mabeberu, na mazungumzo yakaishia hapo. Ndugu mwingine husimama akasema kwamba bila misheni tusingekuwa na shule wala hospitali, na hapo pia yakaishia. Majibu haya yanapingana, lakini yana kosa moja. Yote mawili yanamtazama mgeni aliyefundisha na kumsahau Mwafrika aliyefundishwa. Historia ikiandikwa hivyo, mwananchi hubaki chombo tu kinachojazwa na wengine, kiwe kimejazwa mema au mabaya.

Sisi tunataka kuchunguza jambo moja dogo, nalo ni darasa la Biblia la vijijini. Mchungaji kutoka nchi za nje anafika, anawakusanya wazee wa kanisa, wainjilisti na walimu wa Shule ya Jumapili, anawafundisha kwa siku chache, kisha anaondoka. Katika Nyanda za Juu za Kusini desturi hii ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na haijakoma. Tumechagua kuitazama tukiwa tumesimama Idodi.

Idodi ni tarafa ya Wilaya ya Iringa, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iliyoanzishwa mwaka 1964. Ukitoka Iringa mjini unapita karibu na Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa iliyoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894, na upande huo huo iko Mlambalasi, alikojiua Julai 1898 ili asikamatwe. Kisha unateremka kwenye nchi kavu yenye joto, nchi ya mibuyu, mahindi, mpunga wa mifereji, mifugo, na tembo watokao hifadhini kula kisichokuwa chao. Huko ndiko viliko vijiji kama Mapogoro, Tungamalenga, Makifu na Mahuninga. Tunataja Kalenga na Mlambalasi kwa makusudi. Watu wa nchi hii walikuja kuhubiriwa upendo na raia wa taifa lile lile lililochukua kichwa cha mtawala wao, ambacho hakikurudishwa Kalenga mpaka mwaka 1954. Mtu asiyelikumbuka hilo hawezi kuelewa kwa nini mzee wa Kihehe husikiliza kwa adabu, akakaa kimya muda mrefu, kabla ya kuamua kama amekubali.

Sasa turudi mwanzo. Mwaka 1891, mwaka ule ule ambao Wahehe walilivunja jeshi la Zelewski pale Lugalo, wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliingia Unyakyusa kwa njia ya Ziwa Nyasa. Wamoravian walijenga Rungwe. Wale wa Berlin, chini ya Alexander Merensky, walianza upande wa mashariki wakapanda kwenda Ukinga na Ubena, na baada ya Mkwawa kushindwa wakafika Uhehe. Wakatoliki nao walikuwa Tosamaganga, kwanza Wabenediktini, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wakonsolata kutoka Italia. Wote walikuwa wachache mno. Mmisionari mmoja hakuweza kufika kila kijiji cha milima ile, kwa hiyo alilazimika kuwafundisha vijana wachache kusoma, nyimbo na hadithi za Biblia, kisha kuwatuma. Huo ndio mzizi wa darasa letu. Halikuzaliwa na ukarimu wa mtu. Lilizaliwa na uhaba wa watu.

Na aliyetumwa hakukabidhiwa kila kitu. Aliweza kufundisha lakini si kubatiza, kuhubiri lakini si kutoa Meza ya Bwana, kukusanya sadaka lakini si kuamua matumizi yake. Ujuzi ulikatwa vipande, kama vile serikali ya kikoloni ilivyomkabidhi karani kalamu bila kumkabidhi mhuri. Wananchi waliuona uhusiano huo. Vita vya Majimaji vilipofika Ubena mwaka 1905, watu wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, maana kwao boma na misheni vilikuwa nyumba moja yenye milango miwili.

Jambo ambalo wengi wetu hatulisomi ni lile lililotokea miaka kumi na moja baadaye. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland, yakachukua Tukuyu mwezi Mei na Iringa mwezi Agosti. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa wakapelekwa kizuizini. Hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Kwa mahesabu ya kikoloni kanisa la Nyanda za Juu lilipaswa kufa, kwa sababu mwenye ujuzi alikuwa ameondoka na waliobaki walikuwa wasaidizi tu.

Halikufa. Wale wasaidizi, ambao wengi wao elimu yao ilikuwa ya miaka michache katika vishule vilivyoezekwa kwa nyasi, waliendelea kufundisha, kuzika wafu, kusuluhisha ugomvi na kuongoza ibada. Uangalizi ulikabidhiwa Waskoti wa Livingstonia na Blantyre, lakini nao walikuwa wachache na vituo vyao vilikuwa ng'ambo ya mpaka. Hapa ndipo tunapokutana kwa mara ya kwanza na mchungaji mgeni hasa: anakuja, anakagua, anafundisha, anabatiza, anarudi Nyasaland. Baadhi ya waliokuja walikuwa Waafrika wenzetu, maana Livingstonia ilikwisha kuwabariki wachungaji Waafrika tangu mwaka 1914. Tuwaze maana yake kwa mtu wa Rungwe ambaye kwa miaka ishirini na tano alikuwa akiambiwa kwamba watu wake bado hawajaiva. Tena Waskoti walikuja na mtindo wao wa kuongoza kanisa kwa baraza la wazee. Waliondoka, baraza likabaki. Katika yote waliyofundisha, sisi tunaona hilo ndilo somo kubwa kuliko yote, na halikuwa aya ya Biblia hata moja.

Wajerumani waliporudi walikuta wazee waliozoea kuamua. Mivutano haikukosekana. Katika miaka ya 1930 Rungwe iliona pia Kanisa la Kitaifa la Waafrika, lililotoka Nyasaland na kuwapokea hata wenye wake wengi ambao misheni iliwafungia mlango. Walioingia humo walikuwa watu waliosoma Biblia ile ile ya misheni. Walichokataa ni kusomewa. Wamisionari wengi waliliita jambo hilo uasi. Sisi tunaliita mtihani ambao wanafunzi walifaulu kwa namna ambayo mwalimu hakuitarajia. Kisha vita vya pili vilipokuja Wajerumani walizuiwa tena, na Walutheri wa Sweden na Marekani wakaingia kushika nafasi. Kwa mara ya pili katika muda wa miaka ishirini na mitano, kanisa la kijijini lilibaki mikononi mwa mtu wa kijijini.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kasi. Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo leo ni KKKT. Wachungaji walisomea Makumira, karibu na Arusha, kwa lugha ya Kiingereza. Lakini mwinjilisti wa kijijini hakwenda Makumira. Yeye alikuwa na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo ya Muungano, na jembe lake.

Swali la nani amfundishe mtu huyu, na kwa masharti gani, halikuwa la Iringa peke yake. Mwaka 1963 Wapresibiteri wa Guatemala walikata shauri kwamba badala ya kumtoa kiongozi kijijini kumpeleka chuoni, chuo kimfuate aliko: asome vitabu nyumbani huku akilima, na mwalimu amfikie kila wiki. Mpango huo ulienea hadi kwetu, ukaitwa elimu ya theolojia kwa enezi. Mwalimu Nyerere, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York Oktoba 1970, aliwaambia kwamba Kanisa lisiloshiriki kupigana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litakuwa halina maana tena kwa watu hao. Mwaka uliofuata Mchungaji John Gatu wa Kenya, akiwa Marekani, alitamka wazi kwamba wamisionari na fedha zao wasimame kwa muda ili makanisa ya Afrika yajitambue, na Mei 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lilikutana Lusaka na kuupitisha wito huo. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka saba. Msomaji ataona kwamba watu waliokuwa wakisali na watu waliokuwa wakijenga ujamaa walikuwa wakikuna kichwa juu ya neno moja: kujitegemea.

Wito wa Lusaka haukutekelezwa. Wageni hawakusimama, walibadilika tu. Mmisionari aliyekaa miaka thelathini na kuzikwa hapa alipungua, akaja mgeni wa majuma mawili. Mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ya KKKT ilianza ushirika na Walutheri wa eneo la Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, ushirika uitwao Bega kwa Bega. Jina ni zuri, na nia yake ni kwamba usharika mmoja wa huku ufungamane na mmoja wa kule. Madhehebu mengine nayo yana marafiki zao. Hatukusudii kuwadharau watu wanaosafiri kutoka mbali kuja kukaa juu ya benchi la mbao katika joto la Idodi.

Ila tulitazame darasa lenyewe. Mgeni hufundisha kwa Kiingereza na mkalimani hugeuza. Kwa hiyo mwalimu wa kweli ni mkalimani, ambaye hupunguza, huongeza, hutafuta mfano wa ng'ombe mahali mgeni aliposema mfano wa theluji. Na jina lake halionekani kwenye ripoti. Pili, gari lililomleta mwalimu ndilo hilo hilo linalotarajiwa kuleta bati za kanisa au ada za wanafunzi. Katika hali hiyo mzee atabishaje? Mtu habishani na mkono unaotazamiwa kutoa. Hukubali, hucheka panapotakiwa kucheka, na maswali yake huyarudisha nyumbani.

Na maswali yenyewe ni mazito. Mwinjilisti wa mtaa huhubiri Jumapili nyingi kuliko mchungaji, kwa sababu mchungaji ana mitaa mingi ya kuzungukia. Yeye ndiye huulizwa kama mvua imekatika kwa ajili ya dhambi, na ya nani. Huulizwa kuhusu bibi kizee anayeitwa mchawi. Huulizwa afanye nini mtu aliyelala mkristo akaamka tembo wamemaliza shamba. Huamua kati ya mfugaji na mkulima ambao wote wawili ni washarika wake. Mgeni amekuja na somo la Waraka kwa Warumi, somo la maana, lililotayarishwa vizuri mahali pengine kwa maswali ya mahali pengine. Darasa linalofaa tunaliona ni lile ambalo siku ya kwanza mgeni hafungui mdomo. Anasikiliza yanayoulizwa mitaani, na Warumi inasomwa kuanzia hapo. Tena bati zije kwa safari nyingine, na kwa gari jingine.

Makada wasicheke. Nasi tumeshuka Idodi na semina za siku tatu. Katika miaka ya operesheni ya vijiji ndugu zetu walifika na vijitabu, wakawaeleza wakulima maana ya ukulima, wakapigiwa makofi, wakaandika kwamba wananchi wamepokea mafunzo. Makofi yale yalikuwa ya adabu ile ile ya mzee anayemsikiliza mgeni. Kivukoni, chuo cha TANU kilichofunguliwa mwaka 1961, kilikuwa na msingi mzuri wa majadiliano, lakini mjadala ule haukufika kila kijiji. Hata Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere ya Kibaha, iliyofunguliwa Februari 2022, ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Nasi tunao marafiki wa mbali wenye kujenga mabati, na swali tunalomwuliza mzee wa kanisa linatuhusu.

Tunawaombea wanafunzi wa historia walioko Iringa kazi moja. Wainjilisti wengi waliopita katika madarasa haya waliandika madaftari: mahubiri, majina ya waliobatizwa, kesi zilizosuluhishwa, miaka ya njaa. Ripoti za wamisionari zimehifadhiwa Ulaya na zimesomwa na wataalamu. Madaftari haya yako ndani ya masanduku chini ya vitanda, na mchwa wanayajua kuliko sisi. Nendeni Idodi, Mahuninga na Makifu kabla ya masika, mkayaombe kwa heshima, myanakili, na mwenye daftari arudishiwe daftari lake.