Maisha ya mwalimu mgeni Japani: Karamu usiku, kimya asubuhi

MWALIMU wa kigeni anayefika shuleni nchini Japani hupata somo lake la kwanza mlangoni. Viatu vya barabarani huvuliwa na kuwekwa rafuni, kisha huvaliwa vingine vya ndani. Asiyejua hilo mapema hushinda siku nzima katika ndara za wageni, ambazo aghalabu humbana mwenye miguu mikubwa.

Baadhi ya walimu hao huletwa na mpango wa serikali uitwao JET, ulioanza mwaka wa 1987 kwa washiriki 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Baadaye mataifa mengine mengi yalijiunga, Afrika Kusini ikiwemo. Kazi kubwa ni kumsaidia mwalimu Mjapani kufundisha Kiingereza. Mkataba ni wa mwaka mmoja na huweza kuongezwa hadi miaka mitano pekee. Hivyo basi, kila mtu shuleni anajua tangu mwanzo kwamba mgeni huyo ataondoka.

Walimu wote huketi katika chumba kimoja kikubwa, meza zikitazamana. Mgeni akishamaliza vipindi vyake hubaki hapo akisikia mazungumzo asiyoyaelewa, huku wenzake wakikaa hadi usiku kusimamia vilabu vya michezo. Upweke huanzia papo hapo, katikati ya watu.

Ahueni huja saa ya chakula. Katika shule za msingi, wanafunzi waliovaa aproni nyeupe huwapakulia wenzao wali, supu na samaki, na mwalimu hula pamoja nao darasani. Baada ya mlo, wanafunzi wenyewe hufagia na kupiga deki. Mgeni anayeshika tambara na kuinama pamoja nao hujipatia heshima ambayo ufasaha wa Kiingereza haumpi.

KARAMU NA ADABU ZAKE

Hata hivyo, urafiki na walimu wenzake hufunguka hasa katika enkai, yaani karamu ya wafanyakazi. Kubwa zaidi ni bonenkai ya mwezi wa Desemba, karamu ya kuusahau mwaka unaokwisha. Kila mtu hutoa mchango wake wa yeni elfu kadhaa. Hakuna anayeonja kinywaji kabla ya wote kuinua glasi na kusema "kanpai". Si adabu kujimiminia. Mtu humjazia jirani, naye jirani humjazia yeye. Aliyetosheka huiacha glasi yake ikiwa imejaa. Asiyekunywa pombe, kama vile Mwislamu, huagiza chai baridi, na bado anaweza kuzunguka na chupa akiwamiminia wengine, jambo linalopendeza mno.

Hapo ndipo mwalimu wa hisabati, ambaye kwa miezi mitatu hakutamka lolote zaidi ya salamu, husogea karibu na kusimulia kwa Kiingereza cha kukwamakwama habari za watoto wake na ndoto alizoziacha. Wengine huendelea na karamu ya pili, mara nyingi mahali pa kuimbia karaoke.

Waliokuja na magari hawayaendeshi. Tangu mwaka wa 2007, sheria humwadhibu hata abiria anayepanda huku akijua dereva amelewa, pamoja na aliyemuuzia kinywaji. Kwa hiyo huitwa madereva wawili wa kukodi: mmoja huendesha gari la mteja hadi kwake, mwenzake akifuata nyuma kwa gari lao.

Kesho yake asubuhi, yule mwalimu wa hisabati husalimu kwa kuinamisha kichwa na kurudi kwenye karatasi zake. Mgeni hudhani amekosea jambo au amechezewa. La hasha. Ofisi ina adabu zake na karamu ina zake, na yaliyosemwa usiku hayahamishwi hadi mchana. Anayengoja urafiki wa usiku ule uendelee mezani saa mbili asubuhi huweza kukata tamaa.

Nyumbani nako kuna mitihani. Takataka hutenganishwa kwa aina na kutolewa kwa siku maalumu, na mfuko uliokosewa huachwa palepale, majirani wote wakiuona. Nyumba nyingi za mashambani ni baridi kali, hivyo watu hujikunyata kando ya jiko la mafuta taa.

Mnamo Machi 11, 2011, tetemeko la ardhi na tsunami viliwaua walimu wawili Wamarekani wa mpango wa JET, mmoja katika mji wa Ishinomaki na mwingine Rikuzentakata. Wa Ishinomaki alikuwa Taylor Anderson, aliyekuwa na umri wa miaka 24. Wazazi wake walizipa shule alizofundisha rafu za vitabu vya Kiingereza. Watoto wa huko huziita kwa jina lake la kwanza.