Maradhi ya Wakimbizi wa Goma

Sisi tukaao chini ya Mlima Rungwe twaujua mwamba wa volkano. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi zaidi ya 500,000 walitoka Rwanda wakaingia Goma na kando zake, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Ardhi ya huko ni mwamba mgumu, vyoo havikuchimbika. Watu wakanywa maji ya Ziwa Kivu pasipo kuyasafisha. Kipindupindu kikazuka, kikafuatwa na kuhara damu. Kwa mwezi mmoja wakafa karibu 50,000. Wengi wao wangaliokoka kwa kunyweshwa mapema maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo. Basi, mgeni aliyekimbia vita akifika Kyimo, kabla ya chakula tumwonyeshe choo, tena tumchemshie maji.